Shusha Mkono Baada ya Kusimama

Kwa muda wa miaka minne Fundi alipanda kilima kila siku saa kumi kasorobo alasiri, na kila aliyemwona alidhani anakwenda kutazama tenki. Hawakukosea sana. Tenki la mji lilikuwa pale juu, na aliyepanda alitakiwa kuchungulia kipimo cha maji, kisha kupiga simu ya waya iliyotundikwa ukutani na kuwaambia walioko chini, kwenye kituo cha pampu, kwamba limejaa. Kazi hiyo ingeweza kufanywa na yeyote mwenye macho mawili na magoti mazima. Fundi wa umeme aliichukua mwenyewe kwa sababu simu yake ya mkononi ilishika mtandao pale kileleni tu, katika kivuli chembamba cha ukuta wa tenki, na kwa sababu saa kumi kamili ndipo binti yake alipofika nyumbani kutoka shule, katika mji wa kwao ulio safari ya siku mbili kutoka hapo.

Alikuwa na utaratibu wake. Aliinua mkono wa simu ya waya, akasema, "Limejaa, simamisheni," akaurudisha mahali pake, na kabla haujatulia vizuri kidole chake kilikwisha kubonyeza namba ya mkewe. Sekunde chache baadaye angesikia sauti ya nyumba yake. Nyumba hiyo sasa aliijua kwa masikio zaidi kuliko kwa macho. Mkewe alikuwa ameweka mlango mpya wa jikoni, na Fundi hakuwahi kuuona. Aliujua kwa mlio wa bawaba zake tu, akajua pia kwamba mtoto huusukuma kwa bega na mama yake huufungua kwa upole. Sauti ya mtoto ilikuwa imebadilika mara mbili tangu aondoke. Aliondoka akiwa na kithembe. Siku moja kithembe kilitoweka katikati ya juma, na baba mtu akarudi chini akiwa kimya kama aliyefiwa.

Chini, kituoni, kulikuwa na pampu mbili na kabati moja. Wataalamu walikuwa na jina refu la chombo kile, lakini pale kiliitwa kabati, kwa kuwa kwa kimo na kwa milango kilifanana na kabati la nguo. Umeme uliokwenda kwenye mota ya pampu ulipita kwanza humo. Kabati liliugawa kidogo kidogo, mota ikaanza kwa upole na kwenda kwa mwendo uliotakiwa. Na ilipobonyezwa kitufe chekundu, likaupunguza mwendo huo hatua kwa hatua kwa muda wa sekunde arobaini, mpaka mota ikatulia na maji ndani ya bomba yakatulia pamoja nayo. Lilikuwa limeletwa miezi ishirini iliyopita. Tuseme kweli: hili lililokuwapo sasa lilikuwa la tatu. La kwanza liliungua, la pili likaungua, na yote mawili yaliungua alasiri, wakati wa kusimamisha pampu. Fundi alichunguza, akaandika mara zote mbili kwamba umeme wa njia kuu hautulii, naye aliamini alichoandika. Kabati la nne halikuwapo, si ghalani wala kwa muuzaji.

Ndipo ilipofika barua. Meneja aliandika kwamba nafasi ya fundi imepatikana katika mitambo ya maji ya mji wa kwao, na kwamba uhamisho umekubaliwa kuanzia mwisho wa mwezi, kwa sharti moja: fundi akabidhi kituo kabati likiwa zima, pamoja na maelezo ya kuridhisha juu ya kilichounguza yale mawili. Habari ya umeme usiotulia haikumridhisha. Aliitaka sababu yenyewe.

Siku Fundi alipoisoma barua hiyo simuni, mkewe aliuliza kama bado anavaa viatu vya namba ileile. Mtoto, ambaye baba yake alimwita Kibibi kwa kuwa alichukua sura ya bibi yake mzaa baba, aliuliza zimebaki siku ngapi. Zilikuwa ishirini na tatu. Tangu hapo kila alasiri alianza kwa namba, kisha ndipo akatoa salamu.

Zilipobaki kumi na moja, simu haikupokelewa.

Fundi alikuwa amekwisha kuwaambia walioko chini wasimamishe. Alipiga nyumbani mara moja, mara mbili, ikaita mpaka ikachoka. Baadaye angeelezwa kwamba mkewe aliisahau mezani akaenda kumlaki mtoto, lakini pale kileleni hakulijua hilo, na kwa mara ya kwanza katika miezi ishirini alisimama kando ya bomba saa kumi alasiri pasipo sauti ya mtu sikioni. Akasikia maji yanamwagika ndani ya tenki. Akasikia yanakatika.

Hayakupungua. Yalikatika, kama maneno ya mtu aliyezibwa mdomo, na mara bomba zima likapiga kishindo mpaka vumbi likaruka kwenye maungio yake.

Sekunde arobaini zilikuwa wapi? Kisha, polepole, akakumbuka kwamba kishindo kile hakikuwa kigeni kwake. Alikuwa amekisikia kila siku nyuma ya sauti ya binti yake, nyuma ya hesabu za shule na ugomvi wa rafiki zake, akakichukulia kama mtu anavyochukulia mlango wa jirani. Fundi aliyelipwa kusikiliza mitambo alikuwa amesikiliza kitu kingine. Aliteremka kilima mbio, naye hakuwa mtu wa kukimbia mbele za watu.

Katika chumba cha mitambo alimkuta Mama Zamu, mwendeshaji mkuu wa pampu, akifuta mikono. Alikuwa mwanamke wa miaka hamsini na ushei, mjane wa mwendeshaji aliyekuwapo kabla yake. Mumewe alifia palepale: aliingiza mkono kwenye pampu kuondoa takataka, na mtu aliyekuwa chumba cha pili, asiyemwona, akaiwasha. Tangu Mama Zamu achukue nafasi ile, aliweka sheria ambayo hakuna aliyethubutu kuigusa, kwamba pampu haihesabiwi kuwa imezimwa mpaka mkono wa swichi kubwa, ule uliofungwa ukutani hatua mbili kutoka kwenye pampu, umeshushwa na yule atakayeigusa. Fundi aliiheshimu sheria hiyo. Ilikuwa sheria njema.

Alimwomba aiwashe pampu tena, kisha aizime kama azimavyo siku zote. Mama Zamu alimtazama usoni, akaona si mzaha, akafanya. Mota iliposhika mwendo wake kamili, alikwenda kando ya pampu, akaunganisha visigino, akanyoosha mgongo, akainua kidevu, akakaa hivyo kwa muda wa pumzi tatu. Kisha akaushusha mkono wa swichi kwa nguvu. Ndani ya ukuta kitu kililia kama kitambaa kinachochanwa, na pampu ikafa. Baada ya hapo ndipo alipokwenda kwa mwendo wake wa taratibu hadi kwenye kabati, akabonyeza kitufe chekundu.

Fundi aliona sasa kilichounguza yale mawili. Kuikata njia kati ya kabati na mota, wakati kabati linaendelea kusukuma umeme kwa nguvu zake zote, ni kumfungia mlango mtu aliye mbioni. Umeme usipopata pa kwenda hurudi na kumpiga aliyeutuma. Mara mia kabati huvumilia. Halafu siku moja halivumilii.

"Mama," alisema, "nani alikufundisha uanze na mkono?"

"Wewe."

"Mimi?"

"Karatasi yako hiyo hapo, mwanangu. Isome."

Karatasi ilibandikwa juu ya swichi siku kabati la kwanza lilipofungwa. Aliiandika yeye kwa herufi kubwa zilizonyooka, na wakati ule aliionea fahari. Mwongozo wa muuzaji ulikuwa na kurasa sitini. Yeye aliukamua ukabaki maneno matano. SHUSHA MKONO BAADA YA KUSIMAMA. Aliisoma mara moja, kisha akaisoma kwa macho ya mtu mwingine, na ukurasa wote ukamgeuka.

Msemaji, mwendeshaji wa pili, ambaye jina hilo alipewa kwa haki, alikuwa ameegemea mlangoni. Alieleza kwamba karatasi ile iliwasumbua wiki nzima. Yeye binafsi alidhani ni mkono wake mwenyewe unaosemwa. "Nikawa nainua mkono kama mwanafunzi anayeomba ruhusa ya kwenda haja," alisema, "nasimama, halafu naushusha. Pampu inaendelea kulia tu, inanishangaa. Mama Zamu alinicheka siku tatu." Ni Mama Zamu aliyetambua kwamba ni mkono wa swichi. Na huko kusimama je? Kusimama ni kusimama. Mtu asiuguse ule mkono akiwa ameinama au ameketi, anyooke kwanza.

Fundi alikuwa amewahi kusikia kwamba yule mama husimama wima kando ya pampu kila alasiri. Alidhani ni heshima kwa marehemu, na kwa adabu hakuuliza. Sasa aliwaeleza kwa kirefu, sauti yake ikiwa chini, kwamba kilichotakiwa kusimama ni pampu: kitufe chekundu kwanza, subira ya sekunde arobaini, mota itulie, ndipo mkono ushushwe. Msemaji alipiga mluzi. Mama Zamu hakucheka wala hakujitetea. Aliitazama karatasi kama mtu anayemtazama rafiki aliyemsengenya.

"Nilidhani umeandika kwa ajili yake," alisema. "Nikasema, huyu mgeni ana utu. Hakumjua, lakini ametuwekea asimamiwe kidogo kila siku."

Katika shule ya bweni aliyosoma Fundi, mwalimu wa lugha alikuwa akikata alama zote, bila huruma, kwa sentensi isiyo na mtenda. Asiyemjua mtenda, alisema, huyo hajui anachosema. Fundi alikuwa wa kwanza darasani miaka mitatu mfululizo. Alimwambia Mama Zamu kwamba anayetaka kusimama aendelee kusimama, hakuna kabati lililopata kuunguzwa na heshima. Kinachobadilika ni utaratibu wa kitufe tu. Mama Zamu aliitikia kwa kichwa, ila macho yake hayakumrudia siku hiyo.

Kesho yake hakupanda kilima. Msemaji ndiye aliyetumwa tenkini, akalalamikia magoti yake njia nzima, na Fundi akabaki chini na sanduku la vifaa. Kubadilisha karatasi pekee hakukumtosha. Karatasi husomwa na watu, na watu huchoka, hugombana, huwaza ya nyumbani. Alitaka kabati lilindwe hata siku mtu atakapokosea. Ndani ya swichi, pembeni mwa visu vinene vilivyopitisha umeme wa mota, kulikuwa na nafasi ya kijiswichi kidogo kama kidole gumba, kilichotengenezwa kiachane mapema. Mkono ukianza tu kuteremka, hicho kidogo huachana kwanza. Visu vinene hufuata baadaye kidogo, punde isiyoweza kuhesabiwa kwa mdomo. Alikifunga, akavuta waya mwembamba kutoka hapo, akaupitisha darini na kuuingiza kwenye kabati, akaliagiza kabati kwamba likisikia waya huo umekatika, liache kusukuma umeme palepale, bila kusubiri kuulizwa. Kazi ilichukua siku mbili, kwa kuwa kila ncha aliipima mara tatu.

Kulijaribu kulikuwa jambo jingine. Jaribio la kweli lilikuwa moja tu: kuushusha mkono pampu ikiwa kwenye mwendo kamili, kama ilivyokosewa kila siku. Waya usipofanya kazi, na kabati la tatu lilikuwa limekwisha kupigwa mara mamia, huenda ndiyo ikawa mara yake ya mwisho. Na kabati lililoungua lingemaanisha nafasi ya kwao imekwenda. Zilibaki siku nane. Angeweza kuufunga waya, kuubariki kwa mdomo, na kumwachia mrithi wake ajue mwenyewe kama unafanya kazi. Alilifikiri hilo usiku mzima, akaona haya kwamba alilifikiri.

Saa nne asubuhi alimwomba Mama Zamu aushushe mkono. Yeye alisimama mbele ya kabati, roho juu. Pampu ikalia, ikanyamaza. Hapakuwa na mlio wa kitambaa kuchanwa. Kwenye kioo cha kabati kuliandikwa kwamba limesimamishwa kwa amri, lipo tayari. Alilijaribu mara tano, na mara tano likajibu hivyo hivyo.

Mama Zamu alitaka kujua waya ule unasema nini hasa. Fundi alisema hausemi mengi: unaliambia kabati kwamba yule wa upande wa pili anaondoka sasa hivi.

"Unaaga," alisema Mama Zamu.

"Tuseme hivyo."

"Punde kidogo tu, nayo inatosha?"

"Inatosha, Mama."

Aliuangalia waya ulivyopanda ukutani, mwembamba, wa rangi ya kijivu. Kuanzia siku hiyo uliitwa waya wa kuaga, na Msemaji alipotaka kulifanyia mzaha jina hilo, alitazamwa mara moja tu, akaacha.

Meneja alifika zilipobaki siku tano. Alikuwa mtu wa haraka lakini si mbaya, na alikuja na maelezo yaliyokwisha kupigwa chapa, yakingoja sahihi. Yalisema kwamba waendeshaji, wakiongozwa na mkuu wao, walishusha mkono pampu ikiwa inakwenda, kinyume cha tangazo lililowekwa bayana ukutani. Mama Zamu angehamishiwa getini kuandika magari yanayoingia na kutoka. Fundi angesafiri Ijumaa.

Fundi aliomba waende pamoja kulitazama tangazo, ambalo alikuwa bado hajalibandua. Meneja alilisoma kwa sauti, akasema liko wazi: pampu ikisha kusimama, mkono ushushwe.

"Pampu iko wapi katika sentensi hiyo?" aliuliza Fundi.

Meneja alisoma tena. Midomo yake ilikwenda hadi mwisho wa mstari, ikarudi mwanzo.

"Inaeleweka," alisema hatimaye.

"Inaeleweka kwako, kwa sababu ulikuwa unajua kabla ya kusoma. Nami nilijua kabla ya kuandika. Hawa walikuwa na karatasi tu."

Meneja alimvuta kando. Alisema kwa sauti ya chini kwamba kanuni anaijua: fundi atakayeonekana kuwa chanzo cha hasara hahamishwi mpaka chombo kifanye kazi miezi sita bila dosari, na nafasi ya kule haitamngoja. Alimwuliza kama anataka kwenda nyumbani au hataki.

Swali hilo Fundi hakulijibu kwa mdomo, maana angelijibu asingeweza kufanya lililofuata. Aliuchukua ule ukurasa, akauweka juu ya kabati, akakata jina la Mama Zamu kwa mstari mmoja ulionyooka, akaandika kwa mkono wake kwamba maelekezo yaliyounguza makabati mawili aliyatunga yeye, kwamba yalifuatwa kwa uaminifu, na kwamba kwa miezi ishirini hakushuhudia pampu ikisimamishwa hata mara moja, ingawa ilikuwa wajibu wake. Kwa nini hakushuhudia, hilo hakuliandika. Akatia sahihi.

Meneja aliukunja ukurasa mara mbili. Alisema tu kwamba sheria ni sheria, na kwamba anasikitika, na ilionekana kwamba anasikitika kweli.

Gari lake lilipoondoka, Mama Zamu alimjia Fundi akiwa amekasirika, jambo ambalo hakulitegemea. Alimwambia amefanya ujinga. Alimwambia kwamba yeye ana mke na mtoto wanaomhesabia siku, ilhali yeye Mama Zamu hana anayemsubiri popote, angeandika magari getini mpaka astaafu na wala asingekufa.

"Getini hakuna pampu, Mama," alisema Fundi.

Hasira ikamtoka yule mama kama upepo unavyotoka kwenye mpira. Aliketi juu ya sanduku la vifaa, akajifuta uso kwa ncha ya kanga, akakaa vile mpaka saa ya kusimamisha pampu ilipowadia.

Siku hiyo Fundi alipanda kilima saa kumi na moja, baada ya kuhesabu sekunde arobaini kwa macho yake mwenyewe na kuona mota ikitulia. Jua lilikuwa limekwisha kuhama upande wa pili wa tenki. Mkewe alipokea mara moja, akauliza kulikoni leo amechelewa. Alimweleza yote kwa mpangilio, bila kujipamba wala kujilaani. Mkewe alisikiliza. Mwishoni aliuliza, "Miezi mingapi, Baba Kibibi?" Alisema sita, na baada ya hiyo sita hajui, kwa kuwa nafasi itakuwa ya mtu mwingine.

Upande wa pili palikuwa kimya. Aliusikiliza ukimya huo jinsi ambavyo angelisikiliza bomba, akitafuta ndani yake kama kuna kitu kilichopasuka.

"Ungetia sahihi karatasi ile ya Meneja," alisema mkewe mwishowe, "ungekuja hapa, nami ningefurahi. Kisha siku moja ungenisimulia." Akavuta pumzi. "Sijui siku hiyo ningekutazamaje. Lakini usiniombe leo nikwambie umefanya vizuri. Leo siwezi."

"Sikuombi."

"Na huyu utamwambia mwenyewe. Mimi sitamwambia kwa niaba yako."

Mtoto alikuja akitweta. Alianza na namba tano. Kisha akasema kwamba wamehamisha cherehani ili kitanda kisogee ukutani, kwamba chini ya dirisha pameachwa nafasi ya viatu vya baba na hakuna anayeruhusiwa kuweka kitu hapo, kwamba mwalimu amemkubalia achelewe siku hiyo moja tu, na kwamba ameulizia stendi, basi la kutoka huko hufika saa mbili asubuhi, au saa tatu likiharibika njiani. Alisema haraka haraka, bila kituo, kama anayeogopa kunyang'anywa zamu.

Fundi hakumkatiza. Alimwacha aseme mpaka maneno yakamwishia yenyewe, taratibu, moja baada ya jingine, na hata yalipokwisha alingoja kidogo. Kisha akaketi chini, mgongo ukutani, akaita jina lake, akaanza kumwambia.